Pwani Iliyoachwa na Madagaska

Pwani ya Kilwa na Lindi ni ukingo wa mpasuko wa kale. Pale ambapo leo mawimbi ya Bahari ya Hindi hupiga, zamani hapakuwa na bahari. Afrika, Madagaska, Uhindi, Antaktika, Australia na Amerika ya Kusini zilikuwa nchi kavu moja, ambayo wanajiolojia huiita Gondwana. Madagaska ilikuwa imeegemea pwani za Somalia, Kenya na Tanzania.

Gamba la nje la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa ya miamba, mengi yakiwa na unene wa kilomita 100 hivi. Chini yake kuna miamba yenye joto kali ambayo haijayeyuka, lakini hujongea polepole mithili ya nta iliyopata moto. Mabamba husogea sentimita chache tu kwa mwaka, na kwa miaka milioni mwendo huo hutosha kufungua bahari.

Ukanda wa Kilwa ulianza kwa kunyumbuka na kudidimia. Maji ya bahari yaliingia katika mabonde yaliyotokea, yakakauka na kuacha chumvi, yakaingia tena. Tabaka za chumvi na jasi zilizoko chini ya ardhi ya Mandawa ni masalia ya bahari hiyo changa, na jasi inayochimbwa Makangaga kwa ajili ya viwanda vya saruji imetokana na historia hiyo hiyo. Takribani miaka milioni 160 iliyopita bara lilikatika kabisa. Madagaska ikateleza kuelekea kusini, ikasimama mahali ilipo leo yapata miaka milioni 120 iliyopita. Njia iliyopitia imeacha alama: safu ya milima ya chini ya bahari iitwayo Davie, ambayo hupita katika Mlango wa Msumbiji. Umri wa safari hiyo husomwa kwenye sakafu ya bahari yenyewe, kwani miamba ya volkeno inapopoa hutunza mwelekeo wa sumaku ya dunia wa wakati huo, na mwelekeo huo umekuwa ukigeuka mara kwa mara.

Ushahidi ulio wazi zaidi wa bahari hiyo changa uko Tendaguru, kilima kilicho yapata kilomita 60 kaskazini magharibi ya mji wa Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani ulichimbua hapo mifupa ya dinosaria wa miaka milioni 150 iliyopita. Kazi kubwa ilifanywa na mamia ya wenyeji, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, na zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi. Mifupa hiyo mpaka leo iko Berlin. Jina la Boheti lilichelewa sana kupewa heshima: mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii. Kwa wanaosoma umbo la nchi, jambo kubwa la Tendaguru ni mpangilio wa tabaka. Tabaka zenye mifupa zimepishana na tabaka za mchanga zenye kombe za baharini. Yaani bahari ile mpya ilikuwa ikipanda nchi kavu na kurudi, kisha ikapanda tena.

Baada ya hapo ukingo wa bara uliendelea kupokea mchanga na udongo wa mito. Mchanga uliogandamana ndio unaohifadhi gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika mwaka 2004. Udongo wa mfinyanzi wa Kilwa nao umehifadhi magamba ya viumbe wadogo mno, na visima vilivyotobolewa karibu na Pande vimeonyesha jinsi bahari ilivyobadilika miaka milioni 34 iliyopita, barafu ilipoanza kutanda Antaktika.

Sura ya nchi iliyotokana na historia hiyo huonekana katika ramani ya mwinuko kwa mistari ya kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye mwinuko sawa. Mistari ikibanana, mteremko ni mkali. Ikiachana, nchi ni tambarare. Katika ramani ya Lindi uwanda wa juu wa Rondo, wenye sehemu zinazozidi mita 800, huonekana kama meza iliyochongwa kingo zake na mito. Kwa Kilwa, kontua hueleza bandari. Enzi ya barafu, miaka 20,000 hivi iliyopita, bahari ilikuwa chini ya usawa wa leo kwa takribani mita 120, na mito ilichimba mabonde marefu. Maji yalipopanda yaliyafunika mabonde hayo, yakafanya mahori yenye kina na utulivu. Bila mabonde hayo yaliyozama, jahazi zilizofika Kilwa Kisiwani kwa karne nyingi zisingepata kimbilio zuri kiasi hicho.

Ukingo huu haujatulia. Bonde la Ufa linaendelea kulitenga bamba la Somalia, ambalo pwani hii imo upande wake, na sehemu nyingine ya Afrika, kwa milimita chache kila mwaka. Mipasuko ipo hata chini ya bahari. Tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko la ukubwa wa takribani 6.0 lilitokea baharini kusini mashariki ya Dar es Salaam, na wakazi wa jiji wakatoka nje ya majengo.