Kigasha Kinapojaa: Mbio za Motokrosi na Misuli ya Mkono

Mpandaji wa motokrosi aghalabu hulegea vidole kabla miguu na mapafu yake hayajachoka. Dakika chache baada ya mbio kuanza, kigasha, yaani sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kifundo, huanza kujaa na kuwa kigumu kama gogo. Maumivu hufuata, kisha ganzi. Hatimaye hawezi kuvuta klachi wala breki, na anapotua kutoka kwenye tuta la kurukia, usukani humponyoka. Anguko linalomfikisha hospitalini na mtulinga uliovunjika huenda lilianzia katika misuli ambayo hakuna aliyeichunguza.

Mchezo wenyewe ni mzito kuliko unavyoonekana kutoka kingoni mwa uwanja. Ulianzia Uingereza, ambako mbio zinazohesabiwa kuwa za mwanzo zilifanyika Camberley mwaka 1924. Leo una viwanja vyake Jamhuri jijini Nairobi na Busiika nchini Uganda. Katika mashindano ya dunia kila mkondo huchukua dakika 30 na mizunguko miwili ya ziada, na mpandaji hukimbia mikondo miwili, muda mwingi akiwa amesimama juu ya chombo chenye uzito wa kilo 100 hivi.

Misuli ya kigasha imefungwa ndani ya vyumba vilivyozungukwa na utando usiotanuka kwa urahisi. Mtu anaposhika kitu kwa nguvu bila kulegeza, misuli hujaa damu na kuvimba. Utando usipotoa nafasi, shinikizo hupanda, mishipa midogo ya damu hubanwa, na misuli hukosa oksijeni ilhali ingali ikifanya kazi. Akipumzika, hali hurudi kuwa ya kawaida, na hapo ndipo ulipo mtego: anapofika kliniki siku tatu baadaye, mkono hauonyeshi kasoro yoyote. Mhudumu asiyeuliza mgonjwa hufanya nini siku za Jumapili humwandikia dawa ya maumivu na kumruhusu aende zake.

Uthibitisho hupatikana kwa kupima shinikizo ndani ya misuli kwa sindano maalumu. Vigezo vinavyotumika sana ni milimita 15 za zebaki au zaidi kabla ya zoezi, 30 au zaidi dakika moja baada yake, ama 20 au zaidi baada ya dakika tano; vilitungwa kwa ajili ya mguu, lakini hutumika kwa mkono pia. Upasuaji wa kuufungua utando upo, na wengi waliofanyiwa hurejea uwanjani. Hata hivyo, kuukimbilia kabla pikipiki haijakaguliwa ni kumpasua mtu kwa kosa la springi.

Springi huchaguliwa kwa uzito wa mpandaji. Kijana wa kilo 60 aliyenunua pikipiki ya mtu wa kilo 85 hurithi springi ngumu, na kila tuta ambalo shokapu ingelimeza humezwa na mikono yake. Fundi hupima hivi: pikipiki huinuliwa magurudumu yote yakiwa hewani, kisha hupimwa umbali kutoka ekseli ya nyuma hadi alama moja kwenye madigadi. Hupimwa tena mpandaji akiwa juu yake na mavazi yake yote ya mbio. Kwa pikipiki nyingi za watu wazima, tofauti inayotakiwa ni milimita 100 hivi, takriban theluthi ya mwendo wote wa shokapu. Ikipungua mno, nyuma huinuka na uzito wa mwili humiminikia viganjani. Shokapu inayorudi juu polepole kupita kiasi nayo hukutwa na tuta la pili ikiwa bado imejikunja. Skrubu zake zirekebishwe moja baada ya nyingine na kila badiliko liandikwe. Anayezungusha zote kwa pamoja hatajua ni ipi iliyomsaidia.

Matunzo nayo yamo. Beringi za nyuma zilizokauka grisi hukwama, hewa iliyojikusanya ndani ya shokapu za mbele huzifanya ngumu, na kebo ya klachi iliyochakaa hudai nguvu maradufu. Mikono ya klachi na breki iwekwe ili kifundo kikae sawa na kigasha mpandaji anaposimama. Lililobaki ni la mpandaji mwenyewe: kuibana pikipiki kwa magoti, mikono ipate kulegea.

Kuna hali nyingine inayofanana na hii kwa jina lakini si ya kungojewa. Baada ya anguko, hasa mfupa ukivunjika au mkono ukipondwa, shinikizo laweza kupanda na lisishuke. Dalili yake ni maumivu makali yasiyolingana na jeraha, yanayozidi vidole vinaponyooshwa na mtu mwingine. Mapigo ya damu kifundoni yaweza kusikika vizuri na misuli ikawa inakufa, kwa hiyo yasimtulize mhudumu. Mgonjwa huyu anahitaji chumba cha upasuaji ndani ya saa chache. Kabla ya safari, bandeji au plasta inayobana ifunguliwe yote hadi ngozini, na mkono uwekwe usawa wa moyo, si juu yake.