Fahamu: Kwa nini mishahara hupanda na chumba bado hakishikiki

Kijana anayeshuka kutoka Malindi, Lushoto, kutafuta kazi Dar es Salaam mara nyingi hukutana na mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, mkoa huo uliongezeka watu zaidi ya milioni moja, na vyumba vikagombewa. Wapo wanaosema dawa ni mishahara. Kweli, Julai 2025 kima cha chini serikalini kilipanda kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000. Lakini kijana huyo akiishia kubeba matenga ya kabichi sokoni si mwajiriwa wa serikali, hivyo nyongeza hiyo haimfikii. Kinachomfaa ni kodi ya mwezi kwa mwezi, na kazi za kusindika mboga huko huko milimani Lushoto zinakolimwa.