Gari la Mbao: Kwanza Breki

Mashindano ya Safari Rally yalipoanza mwaka 1953, njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Watoto wetu nao wana mashindano yao, kwa magari ya waya na ya mbao. Milimani kama Bulwa, Usambara Mashariki, gari la mbao halidai petroli. Mteremko ndio injini.

Anayetaka kuunda gari la kukalia aanze na kipimo. Gari halisi la mita 4, likipunguzwa hadi theluthi, litakuwa na urefu wa sentimita 133. Gurudumu la sentimita 60 litakuwa la 20. Kila kiungo kigawanywe kwa 3, ama sivyo utapata kinyago cha gari. Mabanzi ya seremala yanatosha. Msitu wa Amani, uliotangazwa hifadhi mwaka 1997, tuuache. Ekseli ya mbele ishikwe na boliti moja katikati ili igeuke, na kamba mbili ziwe usukani.

Sasa breki. Wengi huiacha mwisho, au hutegemea kandambili. Hapo ndipo penye hatari, kwani mwendo ukizidi mara 2, umbali wa kusimama huzidi mara 4. Wenzo wenye kipande cha tairi, unaobana magurudumu yote mawili ya nyuma, unafaa zaidi. Ujaribiwe kwenye mteremko mfupi, mbali na barabara ya malori.

Wazazi, tusiwanyang'anye watoto nyundo. Tuwaulize tu: breki iko wapi?