Boma la Arusha: Kabla Hamjapiga Picha ya Harusi

Ukiwa na mchumba hapa Arusha, ipo siku mtaongelea picha za harusi na mmoja wenu atasema, "Twende Boma." Na ana haki. Kuta nene zilizopakwa nyeupe, miti, kivuli kizuri, halafu liko mwisho wa Barabara ya Boma, hatua chache tu kutoka Mnara wa Saa.

Kwetu Usa River pendekezo hilo lilitaka kuvunja kikao. Mchumba wangu ni mtu wa Tanga. Kwake lile ni jengo zuri la kizamani, basi. Mimi ni Mmeru. Bibi yangu alipolisikia aliweka kikombe cha chai chini, akauliza, "Mnajua nani alilijenga?"

Mwenzangu hakujua, ikabidi asimuliwe. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, si mbali na hapa Usa. Wajerumani walilipiza kisasi kwa kuchoma nyumba na kuswaga mifugo. Machi 1900 viongozi 19 wakanyongwa Moshi, Mangi Meli akiwamo, pamoja na wengine kutoka Meru na Arusha. Mwaka huohuo Boma likasimama mjini, ngome ya jeshi. Waliolijenga ni Wameru na Waarusha, tena kwa lazima, siyo kibarua cha kulipwa mwisho wa wiki! Waingereza walipouteka mji 1916 hawakulibomoa, waliligeuza ofisi zao. Kwa hiyo wazee wetu wengi walilijua kama mahali pa kuitwa na kupewa amri.

Wapo wanaodhani jengo la zamani linaokolewa na rangi mpya. Mimi naona Boma liliokolewa 1987, lilipofanywa Makumbusho ya Elimu Viumbe. Leo watoto wa shule wanaingia wakipiga kelele, wanajifunza asili ya binadamu na habari za Olduvai. Jengo lisilo na kazi huanguka, hata ulipake chokaa kila mwaka.

Tulikwenda siku ya kazi, bila kamera. Mwenzangu alipapasa ukuta, akakaa kimya muda mrefu kuliko nilivyomzoea. Njiani, ndani ya daladala ya Usa, akasema picha za harusi pale hataki tena.

Basi sasa mimi ndiye ninayetaka! Kwa nini tuwaachie watalii nyumba iliyobebwa na mabega ya babu zetu? Bibi, kumbe, yuko upande wangu: alichokuwa hataki ni tusimame pale kama wageni. Mchumba bado anasita, na simlazimishi, maana ndoa haianzi kwa kuburutana. Tumepanga kwanza tupande wote watatu hadi Akeri, ndipo tumpe mpiga picha jibu.