Alama si Ushahidi: Jinsi Mhalifu Anavyotambuliwa kwa Matendo Yake

Katika mazungumzo haya twataka kueleza elimu moja ambayo wapelelezi wa nchi nyingi huitumia, nayo ni elimu ya kumkisia mhalifu asiyejulikana kwa kuyatazama matendo yake. Elimu hii ni tawi la saikolojia, yaani elimu ya akili na tabia za wanadamu. Tutaieleza kwa mambo yaliyotokea Shinyanga na Geita, kwa kuwa huko wengi wasio na hatia wameuawa kwa sababu ya makisio mabaya, na huko huko yaonekana faida ya makisio mema.

Kila mfugaji wa Usukuma ajua mwanzo wa elimu hii. Ng'ombe wakiibwa usiku, watu hawakimbilii kutaja jina la mtu. Kwanza huzitazama nyayo, kisha huulizana: Wezi walikuwa wangapi? Walijuaje mlango wa zizi? Mbona walipita kijia ambacho mgeni hakijui? Mtaalamu naye hufanya vivyo hivyo, ila nyayo anazozifuata ni za akili. Hutazama mambo manne: mahali tendo lilipotendeka, wakati wake, namna lilivyotendwa, na mtu aliyetendewa. Katika hayo hujaribu kujua mhalifu ni mtu wa namna gani, na yaelekea akaa wapi.

Mfano mmoja mashuhuri ni wa London. Mwaka 1986 polisi walimwomba mwalimu wa saikolojia, David Canter, awasaidie kumtafuta mtu aliyekuwa akiwashambulia na kuwaua wanawake karibu na njia za reli. Canter alipanga matukio yote katika ramani kwa tarehe zake, akaona kwamba yale ya kwanza yalikuwa karibu karibu, na yaliyofuata yakaenea mbali. Akasema kwamba mtu huyo hukaa pale yalipoanzia. Jina la John Duffy lilikuwa tayari katika orodha ndefu ya polisi; makisio yale yakawasaidia kumchagua kati ya wengi. Akakamatwa mwaka huo huo, na mwaka 1988 akahukumiwa kwa ushahidi uliopatikana.

Lakini elimu hii ina hatari yake. Mwaka 1992 mwanamke mmoja aliuawa katika uwanja wa Wimbledon, huko huko London. Polisi wakamfuata mtu mmoja kwa kuwa tabia zake zilifanana na makisio ya mtaalamu, wakamtegea mitego ili akiri. Mwaka 1994 jaji aliukataa ushahidi ule, na mtu yule akaachiliwa. Hatimaye, mwaka 2008, mtu mwingine kabisa alikiri tendo hilo mbele ya mahakama. Basi makisio humwonyesha mpelelezi mahali pa kutafuta, lakini hayamhukumu mtu.

Sasa na tuje Usukuma. Huko kwa miaka mingi watu wamekuwa na makisio yao wenyewe: bibi kizee mwenye macho mekundu ni mchawi. Kwa alama hiyo wanawake wazee wengi wameuawa kwa mapanga usiku. Na macho hayo yamekuwa mekundu kwa nini? Ni kwa moshi. Mwanamke aliyepika miaka hamsini katika nyumba isiyo na dirisha, kwa kuni mbichi, mabua na samadi kavu, hana budi macho yake yawe mekundu. Alama waliyoidhani ya uchawi ilikuwa alama ya kazi, nayo ni kazi ya kuwalisha hao hao waliomwua.

Mtaalamu hakuanza na macho ya marehemu. Alianza na matendo ya wauaji. Mwaka 2005 mwanachuoni wa Marekani, Edward Miguel, alichapisha utafiti wake wa vijiji 67 vya Wilaya ya Meatu, ambayo siku hizo ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga. Aliona kwamba katika miaka ya ukame mkali au mafuriko, mauaji ya walioitwa wachawi yalikuwa mara mbili ya miaka mingine, lakini mauaji ya namna nyingine hayakuongezeka hivyo. Tena waliouawa walikuwa wanawake wazee hasa, na wauaji mara nyingi walikuwa jamaa zao. Wahenga walisema kweli: kikulacho ki nguoni mwako. Basi mpelelezi aliyeelewa hayo hatauliza nani alimwogopa bibi kizee. Atauliza nani alikuwa na njaa nyumbani mwake, na nani alipunguza mlaji mmoja au kupata shamba kwa kifo chake.

Jambo la pili ni mauaji ya watu wenye ualbino, ambayo yalizidi kuanzia mwaka 2007 katika nchi za Ziwa Viktoria. Mwaka 2010 Deborah Fahy Bryceson na wenzake walichapisha utafiti juu ya mauaji hayo na wachimbaji wadogo wa dhahabu. Katika machimbo, watu wawili huchimba maduara yaliyo jirani. Mmoja hutajirika, wa pili hapati kitu. Asiyepata humwendea mganga kutafuta bahati, na waganga wengine waovu wakaagiza viungo vya binadamu. Kwa hiyo mhalifu hapa si mmoja. Kuna anayetaka bahati, kuna anayeagiza, kuna anayeua kwa fedha, na mara nyingine kuna jirani au ndugu anayeonyesha nyumba. Ukimkamata mwenye panga peke yake, umekata tawi, shina limebaki.

Mwezi wa Machi 2009 serikali iliwataka wananchi wawataje washukiwa kwa kura ya siri. Jina lililoandikwa katika karatasi laweza kuwa mwanzo wa upelelezi. Laweza pia kuwa kisasi cha mtu mwenye chuki. Ndiyo maana mahakama hudai ushahidi. Mwezi wa Septemba mwaka huo Mahakama Kuu, ikikaa Kahama, iliwahukumu watu watatu kwa kumwua mtoto mwenye ualbino. Hiyo ndiyo hukumu ya kwanza ya mauaji ya namna hiyo katika Tanzania.

Basi ninyi mnaokaa vijijini mwaweza kuisaidia elimu hii. Uovu ukitokea, msikanyage mahali pale wala msiguse kitu, hata polisi wafike. Semeni mliyoyaona na kuyasikia, na saa yake. Msiyachanganye na mnayoyadhani. Mwangalieni mgeni, lakini msimsahau mwenyeji. Na mtu akija kuwaambia kwamba bibi fulani ni mchawi kwa kuwa macho yake ni mekundu, mwulizeni ni nani aliyempikia tangu utotoni, na katika nyumba ya namna gani. Alama huonekana kwa jicho mara moja. Ushahidi hutafutwa kwa subira, na katika subira hiyo umo uhai wa mtu.