Piza moja ina kalori ngapi? Hesabu huanzia kwenye unga

Nchi kadhaa sasa zinazitaka kampuni kubwa za migahawa kuonyesha idadi ya kalori kwenye orodha ya vyakula. Duka dogo la piza la mtaani, hata hivyo, kwa kawaida halimo katika sheria hizo, na mteja mwenye sababu ya kujua anachokula hulazimika kukadiria mwenyewe.

Jioni ya mwisho wa wiki, katika nyumba nyingi za Waswahili wanaoishi London, Muscat au Minneapolis, boksi la piza huwekwa mezani na kila mmoja hujichukulia kipande. Chakula hiki kina sifa moja inayokifanya kiwe kigumu kuhesabika: hakipakuliwi. Mtu aliyepakuliwa wali huuona wote mbele yake sahanini. Aliyekula piza hubaki na kumbukumbu ya vipande viwili, pengine vitatu, na kile kidogo cha mwisho ambacho watoto walikiacha.

Kwa mwenye afya njema hilo huenda lisiwe jambo kubwa. Lakini kwa aliyeshauriwa na daktari kupunguza uzito, na hasa kwa mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini kwa kufuata kiasi cha wanga alichokula, kukosea kwa nusu nzima kunaweza kumletea madhara usiku huohuo.

Kalori ni kipimo cha nishati. Ile inayotajwa katika vyakula ni kiasi cha joto kinachohitajika kupandisha halijoto ya kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Katika pakiti za Ulaya huandikwa kwa kifupi kcal, na kando yake huwekwa tarakimu kubwa zaidi yenye alama kJ, yaani kilojuli. Kalori moja ni takriban kilojuli 4.2, na msomaji mwenye haraka anayezichanganya mbili hizi hupata hofu isiyo na sababu.

Namna ya kuhesabu inayotumika hadi leo ilitokana na kazi ya mkemia wa Kimarekani Wilbur Atwater, aliyefanya utafiti wake katika Chuo Kikuu cha Wesleyan, jimboni Connecticut, mwishoni mwa karne ya 19. Atwater na wenzake walitengeneza chumba maalumu ambamo mtu aliweza kukaa kwa siku kadhaa, huku joto alilotoa na hewa aliyovuta vikipimwa. Kutokana na kazi hiyo zilipatikana tarakimu tatu ambazo wataalamu wa lishe wanazijua kwa moyo: gramu moja ya wanga hutoa kalori 4, gramu moja ya protini hutoa 4, na gramu moja ya mafuta hutoa 9.

Tarakimu hizo zinaweza kujaribiwa kwa piza yenyewe. Takwimu za Wizara ya Kilimo ya Marekani zinaonyesha kwamba kipande kimoja cha piza ya jibini ya inchi 14, chenye uzito wa gramu 107, kina karibu gramu 36 za wanga, gramu 12 za protini na gramu 10 za mafuta. Wanga hutoa kalori 144, protini 48 na mafuta 90. Jumla ni 282, na jedwali la wizara hiyo linaandika 285. Vipande vinane vya piza hiyo, basi, vinakaribia kalori 2,300. Idara ya afya ya Uingereza inakadiria kwamba mwanamke wa kawaida anahitaji kalori 2,000 kwa siku na mwanamume 2,500.

Donge la Napoli

Mahali pazuri pa kujifunzia hesabu hii ni Napoli, kusini mwa Italia, kwa kuwa huko vipimo vya piza vimeandikwa kisheria. Umoja wa Ulaya uliisajili piza ya Napoli mwaka 2010 kuwa chakula cha asili chenye kulindwa. Kanuni zake zilitaka donge la unga lenye uzito wa kati ya gramu 180 na 250, kipenyo kisichozidi sentimita 35, na kuokwa kwa sekunde 60 hadi 90 katika tanuri la kuni lenye joto la nyuzi zipatazo 485. Mwaka 2017 shirika la UNESCO nalo likauingiza ustadi wa wapishi hao katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Donge la gramu 250 si unga mtupu. Sehemu kubwa ya uzito uliobaki ni maji, na chumvi na hamira kidogo. Unga wa ngano wenyewe ni kama gramu 150, na kila gramu ya unga ina kalori takriban tatu na nusu. Kabla ya kitu chochote kuwekwa juu, kwa hiyo, piza hiyo ina kalori 525. Aliyezoea kusukuma chapati ataielewa hesabu hii haraka zaidi kwa njia nyingine: kama chapati yake moja hutumia gramu 60 za unga, basi piza moja ya Napoli ni chapati mbili na nusu, bila ya mafuta ya kukaangia.

Juu ya donge hilo mpishi huweka nyanya zilizopondwa, tuseme gramu 80, ambazo hazizidi kalori 20. Gramu 100 za jibini la mozzarella huongeza karibu kalori 280. Mafuta ya zeituni ya gramu 10, yanayozungushwa kwa mkono mmoja huku mpishi akizungumza na mteja, ni kalori 90. Majani ya mrehani hayana haja ya kuhesabiwa. Jumla inafika kalori 915.

Kinachodhihirika hapa ni kwamba unga na jibini peke yake ni zaidi ya asilimia 85 ya piza nzima. Ndiyo maana piza ya mboga huwapotosha wengi. Pilipili hoho, uyoga na vitunguu vya gramu 100 kwa pamoja huongeza kalori 30 hivi, jambo ambalo ni jema, lakini havipunguzi chochote ikiwa jibini limebaki palepale. Anayetaka kupunguza aombe nusu ya jibini. Hapo ataokoa kalori 140 kwa neno moja. Kinyume chake, jibini likiongezwa maradufu, piza hiyohiyo inakaribia kalori 1,200. Na kile kikombe kidogo cha mchuzi wa kitunguu saumu kinachokuja pembeni, ikiwa kimetengenezwa kwa mayonizi au siagi, kwa gramu 25 tu kina kalori zipatazo 170. Wengi hukichovya bila kukifikiria kuwa ni chakula.

Macho hudanganywa na duara

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, halihusu kilichowekwa juu. Linahusu ukubwa.

Piza hutajwa kwa kipenyo, na jicho hulinganisha vipenyo. Lakini kinacholiwa ni eneo, nalo hukua kwa mraba wa kipenyo. Piza ya inchi 14 yaonekana kubwa kidogo tu kuliko ya inchi 12. Kwa hakika ina chakula zaidi kwa asilimia 36, ikiwa unene ni uleule. Piza ya sentimita 30 ina eneo la sentimita za mraba zipatazo 707, na ile ya sentimita 23 ina 415. Wafanyabiashara wanaifahamu hesabu hii, na ndiyo sababu ile kubwa huonekana kuwa na bei nafuu.

Kipande nacho si kipimo. Katika maduka ya New York ambako piza huuzwa kipande kimoja kimoja, duara la inchi 18 hukatwa mara nane. Kila kipande chake kina eneo linalozidi kwa asilimia 65 lile la kipande cha piza ya inchi 14 iliyokatwa pia mara nane. Mtu anayesema alikula vipande viwili katika mji huo na mwingine aliyesema hivyo mahali pengine wanazungumzia milo miwili tofauti. Unene huongeza tatizo: piza nene inayookwa ndani ya sufuria iliyopakwa mafuta hunyonya mafuta hayo kwa chini, na ulaini wa ukingo wake hutoka humo.

Yote haya huweza kurukwa kwa kutumia mizani ya jikoni. Piza ya jibini ya maduka ya Marekani ina kalori zipatazo 265 kwa kila gramu 100. Ile ya Napoli, yenye majimaji zaidi, iko chini ya hapo. Yenye soseji na jibini jingi iko juu. Anayeweka kipande chake juu ya mizani na kuzidisha gramu kwa 2.6 hupata jibu lisilokuwa mbali sana na ukweli, awe ameijua hesabu ya duara au hakuijua. Kipande cha gramu 150 ni kalori 390.

Njia hiyo haifai kwa kila kinachoitwa piza. Ile ya Zanzibar, inayouzwa usiku katika bustani ya Forodhani, ina jina tu la Kiitaliano. Unga wake hutandazwa mwembamba, ukawekwa nyama ya kusaga, vitunguu, yai na mayonizi, kisha ukakunjwa na kukaangwa juu ya chuma. Jamaa yake wa karibu ni mutabbaq wa Arabuni. Hapa anayehesabu aangalie chupa ya mafuta badala ya tanuri, kwani kila kijiko kikubwa cha mafuta au samli kina karibu kalori 120, na yai zima halizidi kalori 70 au 80.

Kilichoandikwa kwenye orodha

Mji wa New York ulianza mwaka 2008 kuzitaka kampuni za migahawa kuonyesha kalori, na sheria kama hiyo ikaanza kutumika Marekani nzima mwezi Mei mwaka 2018 kwa kampuni zenye matawi 20 au zaidi. Saudi Arabia ilifuata mwaka 2019. Huko England sharti hilo limewekwa tangu Aprili mwaka 2022 kwa biashara zenye wafanyakazi 250 na kuendelea.

Ni hatua ya maana, lakini msomaji aangalie tarakimu imeandikwa kwa kipimo gani. Kanuni za Marekani zinaruhusu kalori za piza kutajwa kwa kipande kimoja, mradi idadi ya vipande nayo itajwe. Anayesoma 285 akadhani ni ya piza nzima amekosea mara nane. Aidha, piza inayotengenezwa kwa mkono haiwezi kulingana kila siku na ile iliyopimwa. Hata kwa chakula kilichofungwa kiwandani, ambako mashine ndiyo inayopima, kanuni za Marekani huvumilia kalori kuzidi zilizoandikwa kwa hadi asilimia 20.

Hata hivyo, tarakimu yenye kasoro ni bora kuliko kutegemea kumbukumbu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 katika jarida la New England Journal of Medicine uliwahusu watu wanene waliosema kwamba hawapungui ingawa wanakula kidogo. Walipochunguzwa ilionekana kuwa chakula walichokiripoti kilikuwa pungufu kwa wastani wa asilimia 47 kuliko walichokula. Si lazima walidanganya. Kuna vitu mkono huchukua na akili isivisajili.

Kwa wenye kisukari kuna jambo moja zaidi, ambalo kalori peke yake hazilielezi. Piza ya Napoli iliyotajwa hapo juu ina gramu zisizopungua 110 za wanga, karibu wote kutoka kwenye unga. Wanga huo, ukiliwa peke yake, ungepandisha sukari ya damu mapema. Lakini mafuta na protini za jibini huchelewesha tumbo kutoa chakula kwenda kwenye utumbo, na kwa hiyo sukari hupanda polepole na huendelea kupanda kwa saa nyingi. Madaktari huiita hali hiyo athari ya piza. Mgonjwa anaweza kujipima saa mbili baada ya mlo, akaona nambari nzuri, akalala; na usiku wa manane sukari ikawa juu sana. Akijidunga dozi yote mapema, huenda sukari ikashuka kupita kiasi kwanza, kabla ya kupanda.

Kwa sababu hiyo wagonjwa wanaotumia insulini hushauriwa wasibadili dozi kwa kubahatisha, bali wampelekee daktari au muuguzi wao kumbukumbu ya jioni ya namna hiyo: uzito wa piza iliyoliwa, saa iliyoliwa, na vipimo vya sukari vya kabla ya kula, baada ya saa mbili, na tena kabla ya kulala au baadaye zaidi.