Mzee na Baiskeli: Jiandae Kabla ya Safari ya Ziara

Kutoka Muleba hadi Bukoba ni takriban kilomita 70 za kupanda na kushuka vilima. Kwa mzee anayekwenda ziara au Maulid kwa baiskeli, hatari kubwa ipo kwenye kupanda: moyo hufanya kazi ya ziada na presha huongezeka.

Kwanza, nenda zahanati upimwe presha na sukari. Presha ikifika 180/110, ahirisha safari hadi itibiwe. Dawa zako usiziache. Anza mazoezi wiki 6 kabla: kilomita 5 baada ya swala ya alfajiri, kisha ongeza kidogo kidogo.

Njiani, ukishindwa kutamka sentensi nzima bila kukatika pumzi, shuka ukokote baiskeli. Si aibu. Mwenye kisukari abebe sukari au tende. Akianza kutetemeka na kutokwa jasho, ale mara moja.

Maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au kwenye taya, pamoja na jasho la baridi, ni dalili ya moyo. Keti, usipande tena. Vijana wakuwahishe hospitali. Mwili ni amana, ndugu yangu. Wallahu a'lam.